Victor Wanyama na kazi ya kiungo mkabaji

Mwezi Januari 2010, McDonald Mariga alikaribia kabisa kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Manchester City ilikuwa tayari kumnunua kutoka Parma ya Italia, lakini kibali cha kazi kikawa kikwazo na dili likavunjika siku za mwisho za dirisha dogo la usajili. Sheria za Uingereza za wakati ule zilimtaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe anachezea taifa lililomo ndani ya timu 70 bora katika orodha ya FIFA, na Harambee Stars haikuwamo. Mariga akaenda Inter Milan badala yake, na mwezi Mei mwaka huohuo alikuwa kwenye benchi mjini Madrid wakati Inter ilipoifunga Bayern Munich mabao 2-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Wakati macho ya Afrika Mashariki yote yakimwangalia yeye, mdogo wake wa miaka 18 alikuwa Ubelgiji akiichezea Germinal Beerschot ya Antwerp, klabu ambayo mashabiki wachache sana wa kwetu wangeweza kuitaja jina. Huyo mdogo ndiye Victor Wanyama, na ndiye ninayetaka kuandika habari zake leo, kwa sababu naamini kwamba tumemsifu sana kwa mambo machache aliyoyafanya karibu na lango la wapinzani, na tumemsifu kidogo mno kwa kazi iliyomfikisha huko.

Victor Mugubi Wanyama alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991, katika nyumba ambayo michezo ilikuwa kama urithi. Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na dada yao Mercy alikwenda kucheza mpira wa kikapu Hispania. Victor alivaa jezi ya timu ya taifa ya wakubwa mwaka 2007 akiwa hajatimiza hata miaka 16, na mwaka huo huo akamfuata kaka yake Sweden, katika klabu ya Helsingborg. Mariga alipouzwa Italia, kijana akarudi nyumbani. Jambo hilo husemwa kwa haraka katika masimulizi ya maisha yake, lakini mimi huliona kuwa zito: vijana wengi wa kwetu waliokwenda Ulaya na kurejea kabla ya kutimiza miaka 18 hawakupata nafasi ya pili. Yeye aliipata mwaka 2008, Beerschot ilipomchukua, na akaitumia miaka mitatu ya Ubelgiji kujifunza ufundi ambao haufundishwi sana katika viwanja vyetu.

Ufundi huo ni wa kiungo mkabaji. Katika soka la mitaani, iwe Dar es Salaam au Nairobi, kila mtoto anataka kuwa namba 10, yule mchezeshaji wa nyuma ya mshambuliaji, au winga, na anayewekwa mbele ya mabeki mara nyingi ni yule mwenye mwili mkubwa ambaye kocha hajui ampeleke wapi. Kumbe nafasi hiyo inadai akili kuliko mwili. Kiungo mkabaji anatakiwa ajue, kabla mpira haujamfikia mpinzani, kwamba utafikia pale, na awe ameshaanza kusogea. Anatakiwa ajue lini apokonye na lini asimame tu njiani ili pasi isipite. Wanyama alikuwa na mwili wa kazi hiyo, mrefu na mwenye nguvu za kutosha kumsukuma mtu yeyote, lakini klabu zilizomlipa fedha nyingi zililipia zaidi zile hatua mbili alizokuwa akizianza mapema.

Celtic ya Scotland ilimsajili Julai 2011 kwa ada iliyotajwa kuwa pauni 900,000. Alichagua jezi namba 67, kwa heshima ya kikosi cha Celtic kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mjini Lisbon mwaka 1967, na mashabiki wa Glasgow wakampenda kwa hilo kabla hata hawajauona mpira wake. Chini ya kocha Neil Lennon alitwaa ubingwa wa ligi mara mbili na Kombe la Scotland mwaka 2013. Lakini usiku ambao kila mtu anaukumbuka ni wa tarehe 7 Novemba 2012, Celtic ilipoikaribisha Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Dakika ya 21, Charlie Mulgrew alipiga kona iliyopita juu ya vichwa vya wengi, na Wanyama, aliyekuwa nyuma ya msongamano upande wa nguzo ya mbali, akaupiga kwa kichwa ukajaa wavuni. Tony Watt aliongeza la pili mwishoni, Messi akafunga moja katika dakika za nyongeza, na mchezo ukaisha 2-1.

Nimeirudia mechi ile mara nyingi, na ninachokitazama si lile bao. Ninatazama namna kijana wa miaka 21 alivyoicheza sehemu iliyobaki ya mechi. Barcelona ilikuwa na mpira karibu muda wote, na katika hali ile kiungo mchanga hushawishika kuufuata kila unapokwenda, hadi anaiacha nafasi wazi nyuma yake. Wanyama hakuufuata. Alikaa mbele ya mabeki wake, akageuka kulia mpira ulipokwenda kulia, akarudi kati uliporudi kati, na alitoka pale tu alipokuwa na uhakika wa kuufikia. Kwa dakika nyingi mfululizo hakugusa mpira kabisa, na bado alikuwa akifanya kazi yake barabara.

Miezi minane baadaye, Southampton ilimnunua kwa pauni milioni 12.5, ada ambayo wakati ule ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa klabu ya Scotland, na hivyo akawa yeye, badala ya kaka yake, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Mauricio Pochettino ndiye aliyekuwa kocha pale. Mwanzoni kando ya Mfaransa Morgan Schneiderlin, Wanyama alikuwa sehemu ya timu iliyopanda kila mwaka, ikamaliza nafasi ya 8, kisha ya 7, kisha ya 6. Kulikuwa pia na ukali ambao ulimgharimu. Katika msimu wa 2015/16 alitolewa kwa kadi nyekundu zaidi ya mara moja, na wakosoaji wake wa Uingereza walianza kumwona mtu wa rafu. Sikubaliani nao. Mchezaji anayeingia katika kila mpira wa katikati ya uwanja, wiki baada ya wiki, atachelewa mara kadhaa, na mara hizo ndizo zinazopigwa picha.

Pochettino alikuwa amehamia Tottenham mwaka 2014, na Juni 2016 akamwita kijana wake wa zamani kwa ada ya pauni milioni 11. Msimu uliofuata, wa 2016/17, ndio kilele cha kazi ya Wanyama, na kwa maoni yangu ndio msimu bora kuliko wote ambao mchezaji kutoka Afrika Mashariki amewahi kuucheza barani Ulaya. Alicheza mechi 36 kati ya 38 za ligi. Tottenham ilimaliza ya pili nyuma ya Chelsea ikiwa na pointi 86, haikupoteza mchezo hata mmoja wa ligi nyumbani, ilifunga mabao mengi kuliko timu yoyote na kuruhusu machache kuliko timu yoyote, 26 tu.

Takwimu hiyo ya mabao 26 ndiyo ningependa kila kocha wa vijana aizingatie. Uchezaji wa Tottenham ulitegemea mabeki wa pembeni, Kyle Walker na Danny Rose, kupanda juu kana kwamba ni mawinga. Walipopanda wote wawili, nyuma walibaki Toby Alderweireld na Jan Vertonghen na uwanja mpana kila upande wao. Aliyeufanya mpango huo usiwe kamari alikuwa Wanyama. Mpira ukipotea, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, ama kuurudisha ama kumchelewesha mpinzani kwa sekunde mbili au tatu hadi wenzake wakarudi. Mousa Dembélé, aliyecheza naye katikati, aliweza kuubeba mpira mbele na kuwapita watu kwa sababu alijua kwamba nyuma yake kuna mtu. Christian Eriksen na Dele Alli hawakulazimika kurudi nyuma sana kwa sababu hiyohiyo. Magazeti yaliwaandika mshambuliaji Harry Kane na Alli, na walistahili kuandikwa, lakini ukiangalia mechi zile kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, bila kufuata mpira kwa macho, utaona nani aliyekuwa akiishikilia timu.

Hata katika kazi ile alipata mabao yake. Tarehe 14 Mei 2017, katika mechi ya mwisho kuchezwa uwanja wa zamani wa White Hart Lane, alifunga kwa kichwa dakika ya 6 dhidi ya Manchester United, na Tottenham ikashinda 2-1. Mwezi uliofuata alikuja kupumzika Dar es Salaam, na kule Ubungo barabara moja ikapewa jina lake. Kibao kikaondolewa baada ya muda mfupi sana kwa maelezo kwamba utaratibu haukufuatwa. Watu walilicheka tukio hilo, lakini mimi lilinigusa. Mchezaji wa nchi jirani alikuwa amependwa kwetu kiasi hicho.

Kisha goti. Agosti 2017, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, aliumia na kukaa nje kwa miezi. Aliporudi kulikuwa na jioni moja ya ajabu, tarehe 4 Februari 2018, Anfield. Tottenham ilikuwa nyuma kwa bao la Mohamed Salah. Wanyama aliingia dakika ya 79, na muda mfupi tu baadaye kipa Loris Karius akaupiga ngumi mpira wa krosi, ukadondoka nje ya eneo la hatari. Wanyama aliufuata bila kupunguza mwendo na kuupiga kwa mguu wa kulia kabla haujatulia, ukaenda moja kwa moja kwenye kona ya juu ya lango. Mechi iliisha 2-2, na bao hilo lilichaguliwa kuwa bao bora la mwezi katika ligi.

Waliotazama bao hilo walidhani amerudi. Hakuwa amerudi, na inaniuma kuliandika hilo. Kwa mshambuliaji, goti linaloanza kuchoka linaweza kufichwa kwa miezi, kwa kuwa nafasi moja ya kufunga inatosha kumwokoa. Kwa kiungo mkabaji hakuna maficho. Ile hatua mbili ya mapema ikipungua kuwa moja, mpinzani anapita, na nyuma yako wamo mabeki wawili tu. Msimu wa 2018/19 alicheza kwa vipande; alianza katika mechi ya marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Ajax mjini Amsterdam, akatolewa wakati wa mapumziko timu ikiwa nyuma kwa mabao 2-0, kisha Lucas Moura akafunga matatu na Tottenham ikafuzu. Katika fainali dhidi ya Liverpool, mjini Madrid, alikaa benchi hadi mwisho, katika mji uleule ambako kaka yake alikaa benchi miaka tisa kabla.

Majuma machache baada ya fainali ile aliiongoza Kenya kama nahodha katika AFCON ya Misri, fainali za kwanza za Harambee Stars tangu 2004. Sisi Watanzania tulikutana nao Cairo tarehe 27 Juni. Taifa Stars iliongoza mara mbili, kwanza kwa Simon Msuva kisha kwa Mbwana Samatta, na mara mbili Kenya ikasawazisha kabla ya Michael Olunga kufunga la tatu dakika ya 80. Ilikuwa siku chungu kwetu. Hata hivyo niliona Wanyama akifanya, kwa mguu usio mzima, kile alichokuwa akikifanya London: kuwapanga wenzake kwa mkono, kuwatuliza kila walipofungwa, na kuuweka mpira chini wakati wengine walitaka kuubutua.

Machi 2020 aliondoka Ulaya kwenda Montreal, Kanada, alikoitwa na Thierry Henry, na mwaka uliofuata akatwaa Kombe la Kanada na kuistaafu timu ya taifa. Kuna wanaosema alikwenda mapema mno, akiwa na miaka 28 tu, na kwamba angetafuta klabu ya kati ya Hispania au Ufaransa. Mimi naona alichagua vizuri. Alicheza karibu miaka mitano Montreal, mara kwa mara na kwa heshima, mahali ambapo uzoefu wake wa kusoma mchezo ulifidia kile ambacho goti lilikuwa limekichukua. Aprili 2025, akikaribia miaka 34, alirudi Scotland kwa mkataba mfupi na Dunfermline Athletic, klabu ya daraja la pili iliyokuwa ikipigania kutoshuka, na aliyemchukua alikuwa Neil Lennon, kocha wake wa zamani wa Celtic, ambaye sasa alikuwa akiifundisha klabu hiyo. Kocha aliyewahi kuwa kiungo mkabaji yeye mwenyewe, akiwa katika shida ya kuziba katikati ya uwanja, alijua nani wa kumtafuta.