Ulimi mzito, kuta zinazotoka jasho: maji ya yiyiren

Huko Guangdong, kusini mwa China, kila majira ya kuchipua huja siku za huinantian: hewa ya joto kutoka baharini inagusa kuta zilizopoa, kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki. Kwa tiba ya jadi ya Kichina, unyevu huo huulemea wengu, ambao kwa tiba hiyo ndio unaosafirisha maji na lishe mwilini. Dalili yake utaiona asubuhi kabla ya kupiga mswaki: ulimi umevimba kidogo, una alama za meno pembeni na utando mzito unaonata.

Dawa ya jikoni ni yiyiren, nafaka nyeupe yenye mfereji ubavuni, pamoja na chixiaodou, maharage mekundu membamba. Msichukue yale ya mviringo, hongdou. Hayo ni ya vitamu.

Loweka gramu 30 za maharage usiku kucha. Kaanga gramu 30 za yiyiren bila mafuta, moto mdogo, mpaka ziwe manjano hafifu na zinukie. Hapa ndipo wengi hukosea: yiyiren mbichi huhesabiwa kuwa baridi, na mwenye tumbo dhaifu huishia kuharisha. Chemsha vyote kwa lita 1.5 za maji, dakika 50, unywe maji yake yakiwa vuguvugu.

Usitie mchele, uji unaonata huzuia unyevu usitoke. Sukari pia acha. Mjamzito asiinywe kabisa. Miguu ikivimba, nenda hospitali kwanza.