Kilianguka Wapi?

Wapendwa, Bwana asifiwe sana.

Wiki hii tulikuwa tuendelee na Zaburi ya 121. Nimejaribu. Kila nikifika pale penye kuinua macho niitazame milima, macho yanarudi kwenye koti langu lililotundikwa mlangoni, ambalo bado linanuka mpira ulioungua ingawa mama watoto amelifua mara mbili. Basi milima itatungoja. Leo nitasema lililonikaa kooni.

Wengi mmeshapata habari. Alhamisi ya wiki iliyopita, mnamo saa saba mchana, trekta yetu iliteketea shambani, kule njia ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, tukiwa katikati ya kazi ya nyasi. Dereva aliungua mkono wa kuume, si sana, anaendelea vizuri. Mengine yote ni hasara ya vitu.

Ninyi mliokulia mitaa ya mjini, Kamalondo na Katuba, mnaweza kushangaa mtu mzima kulilia trekta. Ilikuwa Massey Ferguson 135, nyekundu, ya silinda tatu, aina iliyotengenezwa Coventry kule Uingereza kati ya mwaka 1964 na 1975. Marehemu baba aliinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine, enzi mkoa wetu unaitwa Shaba. Ikaona Shaba ikirudia jina la Katanga, ikaona Katanga ikikatwa vipande mwaka 2015, na miaka yote hiyo asubuhi za baridi iliwaka kwa kubembelezwa kama mtoto anayekataa kwenda shule. Karo yangu ilitoka kwenye chuma kile. Baba alipokuwa kitandani siku za mwisho aliniuliza habari za mvua, akauliza za ng'ombe, akauliza za trekta, ndipo akauliza za kwangu. Sikukasirika, nilimwelewa.

Na mnajua majira yetu. Mvua ikishakata mwezi wa nne, nyasi zinabaki na utamu wiki chache tu, baada ya hapo ni kuni. Mwenye ng'ombe lazima azikate mapema, azianike, azigeuze, azifunge marobota kabla ya upepo wa mwezi wa nane na moto wa pori, maana tangu hapo mpaka mvua ya Novemba hana kitu kibichi cha kumpa mnyama. Tulikuwa siku ya tatu. Nyasi zilikauka vizuri mpaka zilikuwa zinalia chini ya viatu.

Moto wenyewe hatukuuona. Chini ya jua kali mwali hauna rangi, unaona hewa tu inatetemeka. Tulichoona ni dereva anaruka kutoka kwenye kiti. Kwa trekta za aina ile tangi la mazuti, yaani dizeli, limekaa juu ya injini, chini ya kifuniko, kwa hiyo moto ukianzia kwenye injini hauna safari ndefu. Tulikuwa na bidoni nne za maji, mbili zimeshanywewa. Tukamwaga tulichokuwa nacho, tukaona hatuiwezi, tukaiacha, tukageukia nyasi na kijiji cha jirani. Tulipiga moto kwa matawi mabichi na makoleo, wanaume, wanawake na watoto, mpaka ulipofika kwenye kichuguu kile kikubwa cha kando ya barabara ukakosa cha kula. Katikati ya hayo gurudumu la mbele likapasuka kwa mshindo, na akina mama waliokuwa wanapita na mizigo ya makaa wakalala chini, wakidhani ni risasi. Saa tisa yote yamekwisha. Nyasi zaidi ya nusu zilipona.

Neno langu la kwanza kwa dereva halikuwa "Umeumia?" Nilimwambia, "Umefanya nini?" Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutoa malengelenge.

Mlikuja kutufariji, Mungu awabariki. Mlioleta unga, mlioleta sombe ya majani ya muhogo, yule ndugu mkubwa aliyekuja kukaa tu kwenye benchi bila kusema neno mpaka jua likazama, asanteni. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa chini wamenyamaza, waliharibu walipofungua midomo. Waliosema "ni chuma tu, baba, Mungu atatoa kingine", nawapenda, ila msimwambie mtu hivyo kabla majivu hayajapoa.

Lakini walikuja pia wenye swali. Nani? Nani alipita shambani juzi, nani ana kinyongo nanyi, nani mlimnyima? Mimi mwenyewe nilianza na watoto wa kijiji, wale wanaochoma pori kuwinda panya. Nilitaka iwe wao. Hawakuwa upande ule siku hiyo.

Ijumaa usiku tukafanya maombi nyumbani. Alikuja mama mmoja kutoka chumba cha maombi cha mtaa mwingine, aliyeletwa na jamaa zetu. Katikati ya sala akasimama, akasema ameonyeshwa: kuna mtoto ndani ya nyumba hii anayetembea na moto.

Wapendwa, nyumbani kwetu kuna mtoto mmoja tu ambaye hakuzaliwa na sisi. Ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, miaka tisa, aliyekuja kuishi kwetu tangu Januari. Alhamisi alikuwa shambani kwa sababu mimi ndiye niliyemtuma alete maji ya kunywa. Sikuhitaji kugeuka kujua macho ya watu yalikwenda wapi. Mama yule akaagiza mtoto afunge siku tatu bila chakula, halafu aletwe kwake "afunguliwe".

Nami nikanyamaza.

Mimi ni mjomba wake. Katika kabila letu wote mnajua mjomba ni nani. Nikanyamaza, nikasema "amina" pamoja na wengine sala ilipokwisha. Usiku ule mtoto hakula bukari, ugali wetu. Kesho yake niliambiwa alikataa, na nadhani hakukataa. Nadhani hakuna aliyemwekea.

Sasa nitawaambia kwa nini nilinyamaza. Mwezi wa nne dereva alinijulisha kwamba mpira wa mazuti, ule mwembamba unaorudisha mafuta kwenye tangi, umepasuka. Aliufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kama tunavyofunga kila kitu katika nchi hii, akaniomba pesa ya kununua mwingine. Nikamwambia tungoje nyasi ziuzwe. Mwezi wa tano akanikumbusha, akaongeza kwamba kwenye kazi ya nyasi ingefaa tuwe na kizima-moto. Nikamjibu maneno ambayo tangu Alhamisi yananirudia kila nikilala: "Hii trekta tumeshaiombea."

Mazuti hayashiki moto upesi kama petroli. Ila makapi ya nyasi yakijazana juu ya injini, pembeni ya bomba la moshi, na mazuti yakayalowesha tone kwa tone tangu asubuhi, umetengeneza utambi. Dereva alikuwa akiyasafisha asubuhi tu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimharakisha. Hapakuwa na mchawi pale. Palikuwa na mpira wa bei ya kuku wawili.

Jumamosi usiku sikulala, nikafungua Biblia bila mpango, nikaangukia 2 Wafalme 6. Wana wa manabii wanakata miti kando ya Yordani, chuma cha shoka cha mmoja kinachomoka, kinazama. Analia, kwa maana shoka lilikuwa la kuazima. Hadithi hii tumeifundisha watoto wa shule ya Jumapili mara ngapi? Kila mara tunakimbilia mwisho, chuma kinaelea, haleluya, kwaya inapanda. Usiku ule nilishikwa hapo katikati. Elisha hakumwambia kijana ni chuma tu. Pia hakuuliza nani amemroga. Aliuliza neno moja: "Kilianguka wapi?" Na Biblia inasema, akamwonyesha mahali.

Kumbe yule kijana alipajua. Angeweza kusema mto ni mpana, nilikuwa nageuka, mwenzangu alinisukuma. Alinyoosha kidole: pale. Muujiza ukaanzia mahali palipoonyeshwa, kijiti kikatupwa pale pale.

Nimelitafuta hilo swali tangu siku ile na nalikuta kila mahali. Bustanini Mungu hakuanza kwa kuuliza nani amekuongopea. Aliita, "Uko wapi?" Adamu ndiye aliyemnyooshea mwingine kidole: huyo mwanamke uliyenipa. Bwana wetu alipofika Bethania hakuuliza nani kamuua Lazaro. "Mmemweka wapi?" Wakamwambia njoo utazame, naye akalia machozi. Hata Zaburi yetu tuliyoiahirisha imelibeba swali hilo hilo, someni wenyewe mstari wa kwanza.

Basi niruhusuni niseme na kanisa, na ninaanza na mimi. Tumeligeuza swali la Mungu. Biashara ikianguka, tunauliza nani. Mimba ikitoka, nani. Mtoto akifeli mtihani wa serikali, tunauliza bibi yupi alikuja kututembelea. Na jibu, angalieni vizuri, jibu halimwangukii mwenye nguvu hata siku moja. Sijasikia unabii unaomtaja mwenye nyumba anayelipa sadaka kubwa. Unamwangukia yatima, mama kizee asiye na meno, mjane wa kaka, mtoto anayekojoa kitandani. Roho Mtakatifu gani huyo anayewaogopa matajiri? Mmewaona watoto wanaolala kwenye vibaraza mjini hapa. Waulizeni wangapi walitolewa majumbani na watu waliokuwa wamefunga na kuomba. Hata Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na inasema sheria itamwadhibu mwenye kufanya hivyo. Watunga sheria wa Kinshasa, ambao tunawaombea watubu kila Jumapili, wameliona jambo ambalo sisi wenye Neno tumelifumbia macho! Yesu alisema habari za jiwe la kusagia na shingo ya anayewakosesha wadogo. Hakulisema kwa wapagani, alilisema kwa wanafunzi wake.

Sisemi shetani hayuko. Nasema akiwepo, Ijumaa ile hakuwa ndani ya mtoto. Alikuwa radhi kabisa kukaa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba aliyejua habari ya mpira uliopasuka akanyamaza.

Nilitaka pia kusema juu ya Kumbukumbu la Torati 22:8, ile amri ya kujenga ukuta wa kuzunguka paa la nyumba ili mtu asianguke. Mungu yule yule anayelinda ndiye aliyeagiza ukuta ujengwe. Hapo sina haja ya kueleza. Safisheni injini zenu mchana pia, msingoje jioni.

Jumapili baada ya ibada niliwaita nyumbani watu wote waliokuwepo Ijumaa. Mama wa maono hakuja. Dereva alikuja na mkono wake uliofungwa kitambaa, nikasimama mbele yake na mbele ya mtoto, nikaeleza mpira, mwezi wa nne, mwezi wa tano, na jibu langu. Sauti ilinikatika mahali nisipotarajia, pale kwenye bei. Dereva akasema, "Patron, mimi nilijua, ila ningesema nini?" Hilo nalo nimebaki nalo.

Mtoto hakusema kitu. Jumatatu nikampandisha pikipiki, tukaenda shambani. Trekta imesimama pale pale, imekuwa ya kijivu, rimu zimekaa chini, usukani umebaki waya. Nikamwonyesha kwa kidole mahali mpira ulipokuwa. Akainama, akatazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mjomba, kwa hiyo hata kama nisingeleta maji ingeungua?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena. Nikamwambia ndiyo. Aliuliza mara tatu, halafu akaomba rimu moja ndogo achezee, na haikutoka.

Chuma chetu hakikuelea, wapendwa. Hakuna trekta nyingine, na pesa haipo. Niombeeni, na zaidi muwaombee hawa wawili.

Nyasi zilizopona bado ziko chini na zinahitaji kuingia bandani kabla upepo haujabadilika. Jumamosi hii tutazikusanya kwa mikono. Mwenye reki aje nayo, mwenye mkokoteni vilevile, chakula kitapikwa huko huko. Kizima-moto nimekinunua, kiko chini ya mti pamoja na bidoni kumi za maji. Mkitoka mjini mtaona kichuguu kikubwa cheusi upande wa kushoto. Mpwa wangu atakuwa amesimama hapo tangu saa moja asubuhi, yeye ndiye atakayewaonyesha mahali.