Pea 37

Mjomba hakutamka neno wizi. Alisema tu, "Humu ndani kuna mtu anakula," kisha akamtupia jicho yule kijana muuzaji, na sote tukaelewa. Kwa hesabu zake, duka lilikuwa na upungufu wa pea 37 za viatu. Alikuwa amehesabu mwenyewe jioni moja huku wateja wakiingia na kutoka, na kwake jambo lilikuwa limekwisha. Kilichobaki ni kumfukuza kijana mbele ya shahidi. Shahidi huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza masomo ya uhasibu.

"Mjomba," nikamwambia, "kabla hujamfukuza tuhesabu upya. Mimi, wewe, binamu, na yeye mwenyewe."

"Na yeye? Mwizi ahesabu alichoiba?"

"Hasa yeye. Ndiye anayejua kila boksi lilipo."

Kijana alikuwa amesimama kando ya kaunta, mikono nyuma. "Mzee, mimi niko tayari hata sasa hivi," akasema.

Biashara ile ilikuwa na mzigo mmoja na kumbukumbu mbili. Mauzo ya kaunta yaliingia kwenye daftari la mjomba. Ya mtandaoni yaliingia kwenye jedwali la kompyuta la binamu yangu, aliyepiga picha viatu, akajibu wateja na kufunga vifurushi. Daftari na jedwali vilikutana jioni, tena kama kuna aliyekumbuka. Katikati ya mchana pea ya mwisho ya namba fulani ilikuwa ya yeyote atakayewahi. Mteja wa mtandaoni analipa saa nne, mwingine anaingia dukani saa sita, anajaribu, kinamkaa, anaondoka nacho. Jioni binamu anatafuta boksi halioni. Anamuuliza nani? Kijana.

Nilitoa masharti mawili kabla ya kuanza. La kwanza, hakuna kuuza wala kutuma chochote mpaka tumalize. Tukafunga mlango, na binamu akaweka tangazo mtandaoni kwamba oda zitapokelewa kesho. La pili ndilo lililomkasirisha mjomba: daftari lisionekane. Yeye alitaka alishike, asome, "Raba nyeupe namba 42, kumi na nne," sisi tuthibitishe. Nikakataa. Mtu akishaambiwa kumi na nne, jicho lake litazipata kumi na nne hata kama ziko kumi na moja. Anayehesabu ahesabu bila kujua kinachotarajiwa, mwenzake aandike, kisha wabadilishane, na kulinganisha kuje mwisho kabisa. Daftari likafungiwa kwenye droo, ufunguo nikakaa nao mimi.

Mwaka 1494, huko Venice, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hisabati chenye sehemu inayohusu vitabu vya biashara. Jambo la kwanza analomtaka mfanyabiashara afanye ni kuorodhesha kila alicho nacho, akianza na vile vyenye thamani kubwa na vilivyo rahisi kupotea. Mwalimu wetu alitukaririsha hilo mpaka tukachoka nalo. Usiku ule likanifaa. Tukaanza na viatu vya ngozi vilivyopangwa karibu na mlango, ndala tukaziacha mwisho, na kila rafu iliyokamilika tukaibandika kipande cha karatasi ya gundi ili asije mtu akairudia.

Niliamuru kila boksi lifunguliwe. Mjomba akaona nampotezea muda. Boksi la saba au la nane, sikumbuki vizuri, kibandiko kilisema nyeusi, namba 41. Ndani, ukifunua ile karatasi nyembamba, kulikuwa na mguu wa kushoto namba 41 na wa kulia namba 42. Nyayo zote mbili safi, hazijakanyaga sakafu. Binamu akakigeuza kile cha kulia, akakitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ndiyo maana yule mteja alirudisha akisema kimoja kinambana." Kijana alikuwa ameshakwenda kulifungua boksi la 42, na ndani yake mlikuwa na kosa lile lile kwa upande wa pili. Pea mbili zilizoandikwa kwamba zipo, na hakuna hata moja iliyouzika.

Binamu alikuwa anamsihi baba yake anunue mashine ya kusomea msimbopau, ile mistari myeusi ya kwenye vibandiko vya bidhaa. Sina ugomvi nazo. Tangu pakiti ya chingamu ilipopitishwa kwenye mashine ya aina hiyo katika duka moja la Troy, Ohio, Juni 26, 1974, zimewapunguzia watu kazi kubwa. Ila mashine inasoma kibandiko cha boksi. Kilichomo ndani ni shauri lenu.

Tulipomaliza nikatoa daftari, tukachapisha jedwali, tukaanza kuzisaka zile 37.

Pea 14 zilikuwa ndani ya kiroba chini ya ngazi. Ni viatu vilivyorudishwa na wateja wa mtandaoni. Mteja akirudisha, binamu alimrejeshea fedha zake na papo hapo akaiongeza pea kwenye jedwali, ila kiatu chenyewe kilitupwa kirobani kisubiri kukaguliwa, na hakuna aliyepewa kazi ya kukagua. Kwenye kompyuta kiko tayari kuuzwa. Kwenye rafu hakipo. Wateja wakaendelea kuviagiza. Pea nyingine nane zilikuwa za dirishani: mguu mmoja kwenye maonyesho, mwenzake kwenye kapu nyuma ya kaunta, boksi lake limetupwa kitambo. Mjomba alikuwa amehesabu maboksi. Pea saba zilikuwa zimefungwa kwenye mifuko juu ya kabati, za watu waliolipa nusu wakaahidi kurudi, na kijana akatuonyesha vikaratasi vyenye majina na tarehe. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Zikabaki nane. Hapo ndipo kijana alipoleta katoni aliyokuwa ameihifadhi stoo. Ankara ya mzigo huo ilisema katoni tatu za pea 12. Karatasi ya kiwandani iliyokuwa ndani ya katoni ya tatu ilisema pea 7. Tano hazikuwahi kuingia dukani. Chini ya ankara kulikuwa na sahihi ya aliyepokea mzigo bila kufungua katoni, nayo ilikuwa sahihi ya mjomba mwenyewe. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Baadaye alipompigia msambazaji, akajibiwa kwamba muda wa kulalamika umeshapita.

Pea tatu hatukuziona mpaka leo. Huenda ziliibiwa. Duka lolote lina upotevu wa namna hiyo, na ukitaka uishe kabisa utalipa walinzi kuliko thamani ya viatu.

"Haya," mjomba akamwambia kijana, "nilikufikiria vibaya." Hakuongeza neno, na kijana akaitikia, "Yamekwisha, mzee." Mimi ningedai zaidi.

Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa kwenye zile 37. Kilikuwa kwenye rafu za nyuma, ambazo zilikuwa sawasawa na daftari hata pea moja haikupungua, kwa hiyo hakuna aliyezitilia shaka. Zilijaa namba 39 na 45. Mitindo mbalimbali, rangi mbalimbali, namba zile zile. Vumbi la vifuniko lilikuwa limeshikana na gundi ya vibandiko. Mtaji uliolala pale ungeweza kununua zile pea tatu mara nyingi sana, na mjomba alikuwa amekosa usingizi kwa ajili ya hizo tatu.

Sababu yake ilikuwa nyepesi. Viatu vile huja kwa katoni zilizopangwa kiwandani: namba za katikati nyingi, za pembeni moja moja. Namba 41, 42 na 43 zinaisha haraka, rafu inaonekana tupu, mjomba anaagiza katoni nyingine, na ndani yake 39 na 45 zinakuja tena kuungana na wenzao. Alikuwa anaagiza kwa macho. Nikachukua mauzo ya raba nyeupe nikampigia hesabu mezani: zinatoka pea 2 kwa siku, mzigo unachukua siku 10 kufika, kwa hiyo kabla haujafika utakuwa umeuza 20. Ongeza 6 za tahadhari, gari likichelewa au wateja wakizidi. Zikifika 26 agiza, usisubiri rafu iwe nyeupe. Hilo akalikubali, na 26 ikaandikwa kwa kalamu nene ukingoni mwa rafu.

Kushusha bei ya vile vya nyuma akakataa.

"Nilivinunua kwa fedha, mjomba. Nivigawe?"

"Fedha hiyo imeshatoka. Swali ni kama itarudi kidogo sasa, au isirudi."

"Kiatu hakiozi."

"Gundi inakauka, mjomba. Soli zitabanduka zikiwa ndani ya boksi."

Tukabishana hadi binamu akatuingilia. Akasema dukani mwenye mguu wa 45 anapita kwa nadra, lakini mtandaoni watu wa aina hiyo wanatafuta usiku na mchana kwa sababu kila duka huwaambia hakuna. Afungue ukurasa wa namba kubwa na ndogo tu. Kwanza hakushusha bei. Namba 45 zikaanza kutoka, tena kwa bei kamili, jambo lililompa mjomba sababu ya kunisimanga. Za 39 zikakaa vile vile. Hizo mjomba alizipunguza bei bila kuniambia, nikaziona mwenyewe kwenye tangazo.

Oda iliyofuata nilikuwepo. Mjomba alimpigia msambazaji, akamwambia anataka katoni za 41, 42 na 43 peke yake. Nilisikia upande wa pili ukicheka. Katoni hazivunjwi. Mjomba akasema basi, asante, atatafuta kwingine, akakata simu, akaiweka mezani akiitazama. Ikaita. Watavunja, ila kila pea itapanda bei kidogo. Mjomba akanitazama, nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya nyongeza hiyo dhidi ya zile zinazobaki rafuni kila katoni. Bado ilikuwa nafuu kuvunja.

"Lete," akasema kwenye simu. "Na safari hii dereva wako asubiri. Kijana wangu atahesabu kabla hajasaini."