Mdiria wa Mto Zigi

Nimekunywa maji ya Mto Zigi tangu utotoni, maana ndiyo yanayoletwa mabombani Tanga mjini kutoka bwawa la Mabayani. Mto wenyewe ukiwa msituni sikuwahi kuuona. Jumamosi nikapanda basi hadi Muheza, kisha bodaboda kwenye njia ya vumbi, kamera nimeikumbatia kifuani, nikimtafuta mdiria, ndege mla samaki.

Pale Zigi, ilipokuwa stesheni ya reli ya Wajerumani, nililipa kiingilio cha Hifadhi ya Amani nikapewa kaka wa kuniongoza. Saa mbili asubuhi, chini ya miti ile, mwanga ni kama wa magharibi. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200 na bado picha zilitoka na ukungu.

Mdiria wa kwanza alinipita kama jiwe la buluu lililorushwa. Nikamkimbilia.

"Usimfuate, dada. Keti. Tawi lake ni lile, atarudi."

Nikakaa juu ya jiwe karibu saa nzima. Mbele yangu ndege mwembamba, kijivu na mweupe, alidonoa wadudu pale maji yanaporuka, mkia hautulii. Kaka akanisimulia mwaka 2003, watu walipomiminika milimani kutafuta dhahabu. Kuosha mchanga kunatibua mto, na mdiria huwinda kwa macho. Kwenye maji ya tope hana chake. Asubuhi hiyo nilihesabu kokoto chini ya maji yaliyofika magotini.

Akarudi. Mdomo mweusi! Mdiria mdogo wa mabwawani kwetu mdomo wake ni mwekundu. Huyu ni wa vijito vya msituni. Koo jeupe, mgongo wa samawati inayong'aa hata kivulini. Akainua kichwa, akakishusha, akajitosa. Aliibuka na kisamaki, akakipigiza tawini: pa, pa, pa. Nikabonyeza mfululizo.

Kaka aliinamia kioo cha kamera. "Tazama kichwa cha samaki, kimeelekea nje. Angekuwa anakula mwenyewe angekigeuza. Huyu anapelekea watoto."

Ndipo nikaliona tundu kwenye ukingo wa udongo, hatua chache nyuma yangu, na michirizi myeupe ya kinyesi chini yake. Nilikuwa nimemkalia njiani muda wote ule. Nikafunga lenzi, tukavuka kimyakimya kwenda ng'ambo. Hatujafika, akapita na samaki wake, akaingia.