Lami ni ya nani mpaka uiandike

Kila nikiona picha za watu wameandika ujumbe wa siasa katikati ya barabara, herufi kubwa kiasi kwamba rubani akipita juu anasoma, mi jicho langu haliendi kwenye maneno kwanza, linaenda kwenye rangi. Nawaza hiyo rangi kanunua nani, magari kazuia nani, na polisi walikuwa wapi muda wote huo. Maana lami sio ukuta bwana. Ukuta unaweza kuamka saa nane usiku na kopo lako moja na brashi ukaandika ukatokomea, lakini barabara kuu lazima uisimamishe, na ukishaweza kuisimamisha barabara umeshasema kitu kabla hata herufi ya kwanza haijakauka.

Chukua ile ya Washington ambayo karibu kila mtu aliiona kwenye simu yake. Tarehe 5 Juni 2020, siku chache tu baada ya George Floyd kuuawa na polisi kule Minneapolis, barabara ya 16 inayoelekea White House ikaamka na Black Lives Matter ya rangi ya njano, upana wa barabara nzima, urefu kama vitalu viwili vya mji. Huku kwetu watu wengi walijua ni waandamanaji wameipaka kwa ubishi, kumbe wapi, aliyeagiza ni meya wa jiji, mama Muriel Bowser, na waliopaka ni wafanyakazi wa jiji na watu wa kujitolea. Yaani serikali ya jiji inaigombeza serikali ya nchi kwa kutumia kopo la rangi, na Trump yumo ndani ya nyumba pale mbele anaiona.

Sasa wale Black Lives Matter wenyewe wa Washington walimjia juu meya, wakasema rangi ni ya kupotezea watu maboya wakati bajeti ya polisi iko pale pale. Na hawakuishia kulalamika, siku moja tu baadae wakaja na rangi yao ya njano ileile wakaongezea pembeni kwa herufi kubwa vilevile Defund the Police, kwamba punguzeni hela za polisi. Hapo ndo mi nilipopapenda. Lami moja, rangi moja, sentensi ya mama meya na sentensi ya wananchi zimekaa jirani, ila moja ina kibali na nyingine haina, na unajua mwenyewe ipi iliondolewa mapema. Ya meya ilidumu mpaka Machi 2025, mbunge mmoja wa Republican, chama cha Trump, akapeleka muswada kwamba jiji lisipoifuta linyimwe hela, na meya yuleyule akaruhusu mashine zikaja kuichimbua. Watu wakawa wanaokota vipande vya lami vyenye njano wanaondoka navyo nyumbani.

Kuna kisa kingine cha mji huohuo kidogo kinachekesha. Agosti 2020 vijana wawili wanaopinga utoaji mimba walikamatwa kwa kuandika ujumbe wao kwa chaki, chaki jamani, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Kesi ikaenda, na 2023 mahakama ya rufaa ikakubali hoja yao isikilizwe, kwamba haiwezekani jiji lifumbie macho waliopaka rangi barabara nzima halafu likamate wenye chaki, inaonekana kama linachagua maoni ya kuyapenda. Mi sikubaliani na hao vijana kwenye mambo yao lakini hapo kwenye chaki wana hoja, tusidanganyane.

Haya, turudi huku Kusini. Mtu akiniuliza mbona Mtwara au Lindi hatuandiki barabarani, jibu la kwanza ni jepesi, mitaa mingi ni mchanga, utaandikia wapi? Mji wa Mtwara una barabara pana kweli, Waingereza walipoupanga wakati wa mradi wa karanga miaka ya arobaini walidhani utakuwa jiji kubwa, mradi ukafa mwaka 1951 na reli ya kwenda Nachingwea nayo ikang'olewa, upana tukabaki nao. Ila jibu la pili ndo linanikalia kichwani. Huku kwetu anayeandika kwa rangi kando ya barabara ni serikali, na haandiki kwenye lami yake, anaandika kwenye ukuta wako. Ile X nyekundu ya bomoa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu ikawa mita 60, maana yake mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, kwa hiyo watu waliokuwa wamelala salama wakaamka wako ndani ya barabara bila kuhama hata hatua.

Mama mdogo wangu ana kibanda chake upande wa Mnazi Mmoja, pale njia inapogawana ya kwenda Lindi, ya Mtwara na ya Masasi. Alipigwa X siku nyingi sana. Hawakuja kubomoa, hawakuja kusema hawabomoi, X ikakaa. Sikukuu ya Idi moja akaamua apake rangi kibanda kizima, rangi ya bluu nzuri tu, nikaenda kusalimia nikakuta ukuta wote unang'aa isipokuwa lile eneo la X, kaizunguka kwa brashi taratibu kabisa kama mtu anapaka rangi kuzunguka dirisha. Nikamuuliza mama mdogo mbona hii umeiacha? Akasema, "Mwanangu nikiifuta watasema nimekaidi, hii ni ya kwao, mi napaka ya kwangu." Nilicheka pale pale lakini njiani nikawa nawaza, huo ndo ujumbe wa siasa wenye nguvu kuliko yote niliyowahi kuona, alama moja tu isiyo na hata sentensi, na hakuna mlinzi wala kamera, mwenye nyumba mwenyewe anailinda.

Na sisi tuliposema, tulisema kwa kitu gani? Walio na umri wanakumbuka. Tarehe 27 Desemba 2012 maandamano makubwa Mtwara mjini, watu wanatembea kwa miguu hadi viwanja vya Mashujaa, Gesi Haitoki kwenye mabango ya maboksi na kwenye midomo. Gesi ya Mnazi Bay, huku huku Mtwara, imegunduliwa toka 1982, na sasa bomba la zaidi ya kilomita 500 liipeleke Dar, watu wakauliza viwanda tulivyoahidiwa viko wapi. Halafu 22 Mei 2013 bajeti ya nishati inasomwa bungeni Dodoma, maduka yamefungwa, mji ukalipuka, watu walikufa, nyumba zikachomwa, jeshi likaletwa. Sitaki kuirudia yote, wenye majeraha yao wapo na kuna mambo hayasimuliwi kwa haraka haraka hivi.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Uswahilini kwetu kulikuwa na kuta zimeandikwa Gesi Haitoki kwa mkaa, nyingine imeandikwa Gesi Aitoki, na hakuna mtu alikuja kuzifuta. Zilikaa mpaka masika yakazimaliza yenyewe. Kwenye lami yakabaki madoa meusi ya matairi yaliyochomwa, hayo nayo yakakaa, tunapita na baiskeli juu yake. Oktoba 2015 bomba likazinduliwa na gesi ikatoka. Mi naona mtu akihangaika kufuta maneno yako ujue yamemchoma, asipohangaika ujue ana njia nyingine. Linganisha na Minsk, Belarus, Agosti 2020, muandamanaji aliuawa karibu na kituo cha treni cha Pushkinskaya watu wakaandika chini pale kwa kirusi Hatutasahau. Serikali ikafuta, watu wakaandika tena, ikafuta, wakaandika, mpaka ikafika kumwagia mchanga na watu wakafungwa jela kwa ajili ya maandishi hayo. Neno moja tu chini! Serikali nzima na polisi wake inashindana na neno.

Nikamfuata fundi mmoja hapa mjini anayeandika bajaji na vibao vya maduka, nilitaka kujua kiufundi hii kazi inakuwaje. Akaniambia rangi ya mafuta ya dukani kwenye lami ni kupoteza hela, kwenye vumbi haishiki, matairi na jua vinaibandua. Ile mistari unayoiona ni unga unaoyeyushwa kwenye moto kama nyuzi 200 hivi, unamwagwa wa moto, juu yake wananyunyizia chenga za kioo ndo maana usiku taa za gari zikipiga inang'aa. Akaniambia na kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, kwamba maandishi ya dereva lazima yavutwe yawe marefu kupita kiasi kwa sababu dereva anayaangalia kwa ulalo, ukiyaandika ya kawaida anaona yamebonyea. Nikamuonyesha picha ya Washington kwenye simu, akaiangalia we, akasema hii hawajamuandikia mtu wa barabarani hata kidogo, aliyesimama hapo juu ya herufi anaona njano tu, hii imeandikiwa kamera ya angani. Na kweli, picha zote tulizoziona zimepigwa toka juu.

Nikamchokoza, fundi, mtu akija na hela yake akataka umwandikie la siasa barabarani utakubali? Akacheka akafuta mikono na tina. "Kaka, mwandiko wangu uko kwenye bajaji nusu ya mji huu, ile R yangu yenye mkia kila askari anaipanda kwenda kazini, watanigongea mlango rangi haijakauka." Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, "Mwambie akate stensili ya boksi. Mwandiko wa boksi hauna mwenyewe."