Pikipiki ya theluji iliyokosa nguvu: tatizo lilikuwa vitundu vya vali ya ekzosi
Pikipiki ya theluji ninayoiendesha huku Minnesota, yenye injini ya mipigo miwili, ilikuwa ikiondoka vizuri, lakini mizunguko ilipopanda ilikosa nguvu. Kubadilisha plagi na kukagua mkanda hakukusaidia. Rivasi ya kielektroniki, ambayo hupunguza kasi ya injini hadi karibu kuzima kisha hutoa cheche mapema ili injini izunguke kinyume, niliishuku pia, ingawa ilikuwa nzima.

Injini ilipopoa nilifungua vali ya ekzosi, ambayo bamba lake huinuka mizunguko inapopanda ili kupanua njia ya moshi, nikasugua masizi yaliyoganda kwenye bamba lake na kuhakikisha kwamba kiwambo cha mpira hakijapasuka, lakini injini bado ilisuasua. Kilicholeta tofauti ni vitundu vidogo vya kwenye silinda, rahisi mno kutoviona, vinavyopitisha shinikizo la moshi hadi kwenye kiwambo ili kiinue bamba. Vilikuwa vimeziba kabisa, na bila shinikizo hilo hata bamba safi haliinuki. Nilivizibua kwa waya mwembamba, nikiwa nimeziba njia ya moshi kwa kitambaa ili chembe zisiingie ndani, kisha nikarudisha bamba likielekea upande ule ule wa awali. Sasa injini inashika mizunguko yake yote, na rivasi inaitikia kila nikibonyeza kitufe, pikipiki ikiwa imesimama kabisa.