Sonona kwa mwenye MS: dawa ichaguliwe kwa kutazama mwili mzima

Karibu nusu ya watu wenye maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, hupatwa na sonona wakati fulani maishani. Wengi hawatibiwi, kwa kuwa wanaowazunguka husema, "Nani asingehuzunika?" Lakini sonona hii si huzuni ya kupokea habari mbaya tu, makovu ya MS kwenye ubongo nayo huichangia.

Kuitambua kuna mtego. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, huuliza kuhusu uchovu, usingizi na umakini, na MS pekee yake huvuruga vyote vitatu. Kwa hiyo yapewe uzito maswali mawili ya mwanzo: kwa wiki 2 zilizopita, umekosa hamu ya mambo? Umejihisi mnyonge, bila matumaini? Mwenye uchovu wa MS anatamani kwenda harusini ila mwili umegoma, hasa kukiwa na joto. Mwenye sonona, hata hiyo harusi haimvutii. Apimwe pia tezi ya shingo (thairoidi) na vitamini B12, na aulizwe kama karibuni alichomwa steroidi za dozi kubwa, dawa za kutuliza MS inapozuka, maana nazo hubadili hisia.

Sasa dawa. Kosa la kawaida ni kumwandikia kila mtu dawa ileile. Setralini ni mwanzo mzuri: miligramu 25 hadi 50 kwa siku, ikipandishwa taratibu, ubaya wake ni kupunguza uwezo wa tendo la ndoa, jambo ambalo MS mara nyingi imeshaliharibu, na mgonjwa huona aibu kulisema. Muulizeni. Mwenye maumivu ya kuunguza miguuni hufaidika zaidi na duloksetini, miligramu 30 kisha 60 kwa siku. Amitriptilini ni rahisi kupatikana: miligramu 10 hadi 25 usiku husaidia maumivu na usingizi, lakini kiasi hicho ni kidogo mno kwa sonona, na kukiongeza huziba mkojo kwa mwenye kibofu kisichomwagika vizuri, tena humtia ukungu kichwani.

Angalieni migongano. Fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, haichanganywi kamwe na tizanidini ya kulegeza misuli. Presha hushuka vibaya. Sitalopramu, nayo ya sonona, ikitumiwa pamoja na fingolimodi ya kutibu MS inahitaji kipimo cha ECG cha mapigo ya moyo. Bupropioni ya sonona na fampridini ya kumsaidia mwenye MS kutembea, zote zinaweza kuleta degedege.

Tiba ya mazungumzo ya CBT inafanya kazi hata kwa simu, nafuu kubwa kwa asiyeweza kupanda daladala. Mazoezi mepesi nayo yana msaada wake.

Dawa hupewa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhukumiwa, na akipona huendelea nayo angalau miezi 6, kisha ipunguzwe kidogokidogo. Ila akianza kusema heri afe, wiki hizo hazisubiriwi: apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani zitunzwe na mtu mwingine.